Fenda ya Kushoto

Fenda ya mbele ya Toyota IST imefungwa kwa bolti za spana namba kumi. Haijachomelewa popote. Unafungua boneti, unalegeza bampa upande mmoja, unang'oa klipu za plastiki zinazoshikilia ngao ya ndani ya tairi, kisha unafungua bolti moja baada ya nyingine, na kipande kizima cha gari kinabaki mikononi mwako, chepesi kuliko ndoo ya maji. Wauza spea wa Kariakoo wanakiita fenda. Fundi wa mtaani kwetu anakiita madigadi. Mimi ninayesoma isimu ngazi ya umahiri ningeweza kukaa kwenye tofauti hiyo mpaka jioni, lakini Mama, aliyefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka 27, aliikata kwa sentensi moja: "Yote ya kukopa, chagua moja tuendelee."

Nimechagua fenda.

Hii ya kushoto iligonga nguzo ya geti letu Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, saa kumi na moja jioni. Mama alikuwa anarudi kutoka shule. Mdogo wangu ndiye aliyemfungulia, naye anasimulia kwamba gari lilikuja polepole, limenyooka, halikuyumba hata kidogo, likaifuata nguzo kana kwamba haipo. Geti hilo Mama alikuwa amelipita kwa miaka 11. Alishuka, akazunguka mbele, akaitazama fenda iliyobonyea, akasema, "Nani kaisogeza nguzo?" Wakacheka. Kabla ya magharibi kikombe cha chai kikamponyoka mkono wa kushoto. Usiku tulikuwa hospitali.

Kiharusi kilikuwa kimepiga upande wa kulia wa ubongo. Kwamba upande huo ndio unaotawala mkono na mguu wa kushoto, hilo tunafundishwa sekondari. Jambo jipya kwangu lilikuwa hili: mtu aliyepigwa upande wa kulia anaweza kupoteza nusu ya dunia bila kuwa kipofu. Macho yanaona vizuri. Ila umakini hauendi kushoto. Daktari alituambia tuangalie sahani yake, na kweli, Mama alikula wali wote wa kulia, akauacha wa kushoto kama ulivyo, akasema ameshiba halafu akalalamika kwamba siku hizi tunampunja. Ukimwambia achore saa, namba zote 12 zinajibana upande mmoja. Daktari alipokuwa akieleza hayo, mimi na mdogo wangu tulitazamana. Fenda. Ile nguzo haikuwa imesogea. Ilikuwa kushoto tu.

Mwezi wa kwanza kikao cha familia kikaamua IST liuzwe. Lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe tangu siku ile, bima imeisha, na Mama anahitaji mazoezi ya viungo mara tatu kwa wiki. Mtaalamu analipwa, bajaji inalipwa kwenda na kurudi. Hakuna aliyepinga. Dalali alikuja, akaweka kiganja ndani ya bonde la fenda kama daktari anayepima tumbo, akasema mnunuzi yeyote atakata laki nane hapo. Gereji moja ikataka laki moja na themanini elfu na gari lilale kwao siku tatu. Hapo ndipo Mama alipofungua mdomo. "Likitoka hapa halirudi," alisema. Hakuwa anakataa kuuza. Alitaka liondoke mara moja tu, siku ya kuondoka.

Kwa hiyo nikasema nitaifanya mimi, hapahapa uani. Baba mdogo aliniangalia kwa huruma. "Mwanangu, wewe na rangi ya gari wapi na wapi?"

Swali zuri. Nilikwenda kulitafutia jibu mtaa wa pili, kwenye gereji bubu. Sijui ni nani aliyezipa jina hilo gereji zisizo na kibao wala leseni, maana bubu ndicho kitu pekee ambacho hazikuwa nacho: nyundo, redio, mabishano ya Simba na Yanga, kompresa inayokoroma. Fundi rangi wa pale ni mzee mwenye kucha nyeupe za puti. Aliniruhusu nikae Jumamosi mbili juu ya tairi kuukuu nitazame, kwa sharti la kununua chai. Kitu alichokirudia zaidi ya kingine chochote ni hiki: "Rangi haifichi kitu, dada. Rangi inasema."

Nilipopiga hesabu nilimwelewa. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi juu kabisa, ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Nywele moja au mbili zikilala juu ya chuma. Mkwaruzo ulioachwa na msasa mzito haufichwi na unene huo, na rangi ikishamwagwa juu yake inang'aa, na kung'aa ndiko kunakouonyesha. Ndiyo maana kupaka rangi yenyewe ni kazi ya asubuhi moja. Siku nyingine zote ni kusugua.

Nilisugua siku tisa.

Kwanza fenda ikafuliwa kwa sabuni ya vyombo, maana mafuta na nta vikibaki, msasa unavisukuma ndani ya mikwaruzo na rangi inakuja kuvikataa baadaye. Kisha kulinyoosha bonde kutoka nyuma kwa nyundo ndogo, kipande cha mbao kigumu kikiwa upande wa pili, kuanzia pembeni kuelekea katikati, kwa mapigo mepesi mengi. Chuma kilichobonyea kimevutika. Ukikipiga kwa hasira unakivuta zaidi na kinapanda juu kama mkate. Lengo si kukirudisha kiwe sawasawa kabisa. Unakifikisha chini kidogo ya usawa, milimita moja au mbili, ili puti ipate pa kukaa.

Puti ya gari ni plastiki laini inayogandishwa na hadina, na hadina ni kidogo mno: gramu mbili hivi kwa gramu mia. Kwenye joto la Dar es Salaam mwezi wa pili una dakika chache tu kabla haijageuka jiwe juu ya kibao. Nilikuwa nachanganya kiasi cha yai, napaka kwa kukandamiza ili hewa isibaki, nasubiri, nasugua kwa msasa namba 80 uliozungushiwa kipande cha mbao, na karibu yote niliyopaka inaondoka kama unga. Inabaki pale tu inapohitajika. Halafu namba 180. Halafu 320. Kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia, wala haina kazi nyingine, na ukiruka moja, rangi itasema.

Na kila jioni sehemu zilizobaki chuma kitupu zilipata praima, hata kama kesho yake nitaisugua tena. Sisi tuko Kunduchi. Upepo wa bahari unafika uani. Chuma kilichovuliwa nguo hapa hakilali usiku kucha bila kuota kutu, na alama ya kidole chenye jasho inatosha kuianzisha.

Sasa kuhusu mahali pa kufanyia kazi. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa ametupa amri ambayo familia nzima iliiona ya kikatili: kila kitu tukiweke kushoto kwa Mama. Maji kushoto. Simu kushoto. Mgeni akija, akae kushoto, hata kama Mama hatamwona kwa dakika tano. Ubongo unalazimishwa kugeuka mpaka uzoee. Kwa hiyo meza yangu ya kazi, yaani mlango wa zamani juu ya matofali, niliiweka uani mita nne kutoka kiti chake cha barazani, upande wa kushoto.

Siku tatu za kwanza Mama alitazama mwembe. Nilisugua, vumbi la puti likapaa, nikapiga chafya, nikaimba. Yeye alitazama mwembe ulioko kulia na kuniuliza, akiongea na mwembe, kama nimekula. Ilikuwa inaniuma kuliko nilivyotarajia. Mtu anakupenda, anakusikia, anakujibu, na kwa macho yake haupo.

Siku ya saba nilifika kwenye hatua ambayo fundi anaiita "kumpaka mkaa". Juu ya praima ya kijivu unapulizia rangi nyeusi, kidogo sana, kama vumbi tu, iache vidoa kila mahali. Kisha unachukua msasa wa maji namba 600 na kuanza kusugua polepole. Palipo juu, weusi unafutika mara moja. Palipo chini, weusi unabaki. Jicho halioni bonde la robo milimita, kidole kinaliona kwa shida, lakini mkaa hauna adabu, unaonyesha kila kitu. Nilisugua mpaka fenda ikawa kijivu safi, nikasimama kunyoosha mgongo.

"Bado," alisema Mama.

Nikageuka. Alikuwa amenitazama. Shingo imepinda, kidevu kimevuka bega la kushoto, kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia zito.

"Wapi Mama?"

"Huko mwisho. Kuna doa jeusi."

Nilikwenda kuangalia. Kwenye ukingo wa fenda, karibu na pale taa inapokaa, kulikuwa na doa la ukubwa wa sarafu. Lilikuwa upande wa kushoto wa fenda ukiitazama kutoka barazani. Sikusema kitu. Nilichovya msasa kwenye maji, nikalisugua lile doa pole sana, ili litumie muda mrefu kufutika, huku nikimuuliza kila mara, "Na sasa?" Naye ananijibu, "Bado. Bado. Wewe mtoto, ongeza nguvu. Bado." Alinisahihisha kwa nusu saa. Mdogo wangu alitoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akarudi ndani kimya.

Tuje kwenye rangi. Kwenye kibati kidogo cha chuma ndani ya boneti ya gari letu kuna namba 040, nyeupe ya Toyota ambayo umeiona kwenye maelfu ya magari bila kujua kwamba ina namba. Duka la rangi Kariakoo hawaulizi nyeupe gani. Unataja namba, wanapima, wanachanganya. Wanachouliza ni kingine: "Tukei au enisii?"

Tukei ni rangi ya vitu viwili, rangi na hadina. Ikikauka haiyeyuki tena, inavumilia petroli na jua, na ndiyo inayong'aa bila kupigwa polishi. Kila mtu atakushauri uchukue hiyo. Lakini hadina yake ina isosayaneti, na isosayaneti zikivutwa puani mfululizo zinaweza kumpa mtu pumu ambayo haitaondoka. Mwili ukishazikataa, hata kiasi kidogo sana kinaamsha shambulio. Harufu haikupi onyo la kutosha. Kwenye karakana zilizojipanga mpulizaji anavaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Kwenye gereji bubu anafunga fulana puani. Nilimwona fundi wangu akifanya hivyo, na nilimsikia akikohoa kila asubuhi kabla ya chai ya kwanza, na sitaki kuunganisha mambo mawili ambayo hakuna daktari aliyeyaunganisha, ila nilikumbuka kwamba mita nne kutoka mezani kwangu kuna mgonjwa.

Enisii ni nitroselulosi, rangi ya zamani. Haina hadina. Inakauka kwa thina kupaa tu, kwa dakika, kwa hiyo vumbi halipati muda wa kutua. Ubaya wake unajulikana: inataka mikono mingi, inataka kupigwa polishi ndipo ing'ae, petroli inaila, na nyeupe yake hugeuka manjano miaka ikienda. Mvuke wa thina nao si manukato, unahitaji barakoa yenye kichujio cha mkaa, na siku ile Mama alihamia chumba cha nyuma. Lakini kwa mtu anayeanza, nyumbani, nadhani ndiyo rangi ya kuchukua. Inakusamehe. Kosa lolote la leo linaweza kusuguliwa kesho na kupuliziwa upya.

Nilikodi kompresa kwa elfu kumi na tano. Nilingoja mpaka saa nne asubuhi, maana alfajiri ya pwani hewa imejaa maji. Thina ikipaa inaipoza fenda, unyevu unatua juu ya rangi mbichi, na rangi inavuta ukungu, inakuwa kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nilimwagia maji ardhi ya uani ishike vumbi. Kabla ya fenda nilijaribu kwenye boksi, mistari kumi, ishirini, mpaka mkono ukazoea: bunduki iwe kiganja kimoja mbali, ianze kupuliza kabla ya kufika kwenye kipande na izimwe baada ya kukipita, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia, na kifundo cha mkono kisipinde. Fundi alisema mpulizaji mzuri anatembea, hapungi mkono. Nilitembea. Mkono wa kwanza uliacha fenda kama mtu aliyenyunyiziwa unga, na hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa. Wa pili ukaanza kufunika. Kufikia wa tano ilikuwa nyeupe kabisa, imefifia bila mng'ao, na mbu mmoja akaja kutua katikati yake. Ushauri kuhusu mbu ni kutomgusa. Afie pale, rangi ikauke, kisha mtoe, usugue kwa namba 1500 na maji. Miguu yake miwili sidhani kama ilitoka.

Baada ya siku nne niliisugua yote kwa msasa wa maji wa 2000 na kuipiga polishi mpaka nikaona majani ya mwembe ndani yake. Tukaifunga garini.

Ikawa nyeupe mno.

Namba ile ile, 040, lakini kando ya mlango na boneti fenda ilionekana kama jino la bandia. Rangi dukani inachanganywa kulingana na gari lilivyotoka kiwandani; gari lenyewe ni la mwaka 2004 na limelala juani tangu tulinunue. Mafundi wenye gari la wateja hutatua hili kwa kufifisha rangi mpya juu ya mlango na boneti ili jicho lisipate mpaka. Mimi sikutaka kugusa zaidi ya nilichokigusa. Nilichukua dawa ya kusugulia na kitambaa cheusi nikaanza na boneti, na kitambaa kikageuka cheupe. Hapo unajua gari lako halina klia juu, unasugua rangi yenyewe. Juu kabisa ya rangi ya zamani jua limeula ule uji unaoshikilia chembe, na chembe nyeupe zimebaki huru, zinashika mkononi.

Mama alitaka kukiona kitambaa. Nilimpelekea, kushoto. Alikichukua kwa mkono wa kulia, akakikung'uta kwenye goti, vumbi jeupe likatoka.

"Chaki," alisema.

Na ndilo jina lake. Watu wa rangi, kwa Kiingereza, hali hiyo wanaiita kutoa chaki. Nilisugua gari zima kwa siku mbili, na tofauti ikapungua. Haikuisha. Ukisimama upande wa jua saa sita unaiona.

Gharama zote, misasa, puti, praima, rangi, thina, barakoa na kompresa, zilikuwa laki moja na kumi na mbili elfu. Ukihesabu siku zangu 17, gereji ilikuwa rahisi zaidi. Sura ya tatu ya tasnifu yangu ilisubiri.

Dalali alirudi na mteja, kijana muungwana mwenye mke mjamzito. Walizunguka gari. Mteja alipitisha kiganja kwenye fenda ya kulia, kisha ya kushoto, kisha akaigonga kwa kifundo cha kidole, kwanza pembeni, baadaye katikati. Baba mdogo alianza kuzungumzia matairi.

"Hapo pana puti, mwanangu," Mama akasema kutoka barazani. "Niliigonga mimi. Huyu binti yangu ndiye kaitengeneza. Na kiyoyozi kinataka gesi."

Dalali alifumba macho. Mteja alimwamkia Mama shikamoo, akasogea barazani, na wakazungumza muda mrefu kuliko walivyozungumza na sisi kuhusu bei. Alikata laki tatu. Baba mdogo alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba laki tatu ni mazoezi ya zaidi ya mwezi, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Walisaini Jumamosi iliyofuata, gari likaenda Kigamboni.

Ule mlango wa zamani bado uko juu ya matofali, kushoto kwa kiti cha Mama. Tulitaka kuuondoa, yeye akakataa. Mdogo wangu yuko kidato cha nne, anafanyia hapo insha zake jioni, na kuna siku Mama anageuka mara moja, kuna siku anaitwa mara tatu.